Miaka 43, zamu za usiku, na Kijerumani kisichokaa kichwani

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi mkoani Morogoro, nina miaka 43 na watoto watatu. Nimeanza kusoma Kijerumani nikitaka kwenda kufanya kazi huko. Huu ni mwezi wa tano nasoma, na bado nipo A1, ngazi ya kwanza kabisa. Daftari la tatu limejaa maneno, lakini nikiulizwa jambo dogo tu nabaki kutoa macho. Der, die na das, vile vineno vinavyotangulia nomino zao, nazichanganya kila siku. Mwanangu wa darasa la tano huwa ananisikiliza nikisoma, na tayari anatamka vizuri kuliko mimi. Kuna wakala ameniambia nikilipa nitafika B2, ngazi ya nne baada ya A1, A2 na B1, kwa miezi sita. Je, umri umenitupa mkono? Na nisome vipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hayo madaftari. Nayajua hata bila kuyaona: mstari katikati, Kijerumani kushoto, Kiingereza kulia, Kiswahili kwa penseli pembeni, mwandiko safi wa mtu aliyezoea kujaza mafaili ya wagonjwa. Ukitoka zamu unayapitia, kila neno unalitambua, unalala umeridhika. Kesho yake mwalimu anauliza neno moja kati ya hayo hayo, halipo. Umri hauhusiki hapo. Unasoma kama ulivyosoma darasa la saba, na ile mali uliyonayo kama mtu mzima umeiweka kabatini.

Lakini umri umeuliza, nikujibu. Mwaka 1978 watafiti wawili, Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wa lugha ya Kiingereza waliohamia Uholanzi: watoto wadogo, vijana na watu wazima, wote wakijifunza Kiholanzi. Miezi ya mwanzo walioongoza ni vijana na watu wazima. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano ndio waliokuwa nyuma. Baadaye watoto huja juu, ni kweli. Mwaka 2018 Joshua Hartshorne na wenzake wawili walichapisha matokeo ya jaribio la sarufi ya Kiingereza lililofanywa mtandaoni na watu wapatao 670,000, wakaona uwezo wa kunasa sarufi ya lugha mpya huanza kushuka kwenye umri wa miaka 17 hivi. Kwa hiyo anayeanza na miaka 43 ana nafasi ndogo sana ya kuzungumza kama aliyezaliwa Hamburg. Sawa. Nani amekuomba uzungumze kama aliyezaliwa Hamburg? Hospitali inataka umwelewe mgonjwa, uandike ripoti ya zamu isomeke, na ukipiga simu usiku daktari akuelewe. Hayo yote mtu wa miaka 43 anayafikia. Mwanao atakushinda matamshi, na atakushinda daima, tena nitakuonyesha kazi ya kumpa.

Sasa wakala wako. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, ambao wapo Dar es Salaam na Nairobi, wanakadiria kwa vipindi vya dakika 45, kuhesabu tangu sifuri: A1 vipindi 80 hadi 200, B1 vipindi 350 hadi 650, B2 vipindi 600 hadi 800. Igeuze kuwa saa za ukutani, B2 ni kati ya saa 450 na 600. Mtu aliyeacha kazi, akakaa darasani saa tano kwa siku, siku tano kwa wiki, ndani ya miezi sita anapata saa 650. Kwa hiyo wakala hajadanganya hesabu. Ila hakukuambia kuwa miezi sita hiyo ni ya mtu asiye na zamu ya usiku wala watoto wa kupeleka shule. Wewe ukijibana saa moja kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mwaka unapata kama saa 300. Kwa mwendo huo B1 ni mwaka mmoja hadi mwaka na nusu na zaidi kidogo, na B2 inaingia mwaka wa pili. Kwa wauguzi wanaotoka nje, kiwango kinachodaiwa ili cheti chako kitambuliwe kikamilifu kwa kawaida ni B2, ingawa wengi huanza safari wakiwa na B1. Kabla hujampa huyo wakala hata shilingi, muulize hela hiyo ni ya nini: kozi, mtihani, au "kushughulikia"? Kila kimoja kiwe na risiti yake. Akikasirika kwa swali hilo, umeshapata jibu.

Hiyo saa moja si lazima ikae pamoja. Dakika 25 kabla ya zamu, nyingine 25 mchana, kumi kwenye daladala. Kwa mtu anayefanya kazi, vipande vidogo vya kila siku vinafaa kuliko Jumamosi moja ya saa sita. Sababu yake aliichapisha Mjerumani mmoja mwaka 1885, Hermann Ebbinghaus. Alijitungia silabi zisizo na maana yoyote, akazikariri kwa maelfu, kisha akawa anajipima mwenyewe zimebaki kiasi gani. Baada ya siku moja tu, kilichobaki kilikuwa kama theluthi. Lakini kila alipozirudia, kusahau kulipungua kasi. Mwandishi wa habari Sebastian Leitner mwaka 1972 akalifanya jambo hilo kuwa kazi ya sanduku, na hilo sanduku ndilo nataka lichukue nafasi ya daftari lako.

Chukua boksi la viatu, ligawe sehemu tano kwa vipande vya maboksi. Kata manila kadi ndogo ndogo, ukubwa wa vocha za zamani za simu. Upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kijerumani. Kadi mpya zote zinaingia sehemu ya kwanza. Unasoma Kiswahili, unatamka Kijerumani kwa sauti kabla hujageuza. Ukipata, kadi inasogea sehemu inayofuata. Ukikosa, hata kama ilikuwa imefika ya nne, inarudi ya kwanza. Sehemu ya kwanza unaipitia kila siku, ya pili baada ya siku mbili, ya tatu baada ya siku nne, ya nne kila wiki, ya tano kila baada ya wiki mbili. Kadi kumi mpya kwa siku, usizidishe. Zipo programu za simu zinazofanya hivyo hivyo na nyingine ni za bure, lakini kwa uzoefu wangu watu wazima wanaoandika kadi kwa mkono wao hudumu zaidi. Simu ukiifungua kwa ajili ya Kijerumani unakutana na ujumbe wa vikoba.

Kwa nini daftari limekudanganya? Kwa sababu kutambua neno na kulitoa kichwani ni kazi mbili mbali mbali. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walivisoma tena na tena, wengine walisoma kisha wakafunga na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja waliojipima wenyewe ndio waliokuwa mbele, tena kwa mbali. Wewe miezi mitano umekuwa kwenye zile dakika tano. Kama huwezi kuyaacha madaftari, na najua yana uchungu wake, basi angalau funika upande wa Kijerumani kwa kiganja, useme kwanza, halafu ndiyo uondoe mkono.

Jambo la kuandika kwenye kadi lina uzito kuliko sanduku lenyewe. Usiandike neno pekee. Andika sentensi, tena sentensi ya wodini kwako. Nitakueleza nilivyojifunza hili, maana mimi pia nilianza Kijerumani mkubwa, nikiwa na miaka 34. Wiki ya kwanza Ujerumani nilipanga chumba kwa mama mmoja mzee. Jioni akanikuta nimesimama jikoni, akaniuliza kama nahitaji kitu. Nilijua neno la kusikia, hören. Nilijua neno la njaa, Hunger. Nikasema kwa ujasiri: Ich höre Hunger. Mama wa watu akainua kichwa, akatulia, naye asikilize. Kiswahili kinasikia njaa, kinasikia baridi, kinasikia maumivu, kinasikia hata harufu, kwa kitenzi kimoja. Mjerumani ana njaa: Ich habe Hunger. Ana maumivu: Ich habe Schmerzen. Baridi anaisema kama vile imemkalia: Mir ist kalt, kwangu kuna baridi. Fikiria sasa umeandika kwenye ripoti kuwa mgonjwa wa kitanda cha nne "anayasikia" maumivu kwa masikio. Daktari ataagiza apimwe jambo jingine kabisa.

Ndiyo maana kadi yako isiwe "Schmerz: maumivu". Iwe hivi: Unasikia maumivu? Haben Sie Schmerzen? Panauma wapi? Wo tut es weh? Homa ilianza lini? Seit wann haben Sie Fieber? Sasa nakupima presha: Ich messe jetzt Ihren Blutdruck. Kunja ngumi: Machen Sie bitte eine Faust. Itachoma kidogo: Jetzt piekst es kurz. Hizo ni sentensi unazozisema kwa Kiswahili mara thelathini kwa siku. Umeshalipia maana yake kwa miaka ishirini ya kazi, umebakiza sauti tu. Mtoto wa darasa la tano hana hilo. Kitabu chako cha A1 kinakufundisha kununua tiketi ya treni na kuagiza supu ya nyanya, na utafanya mazoezi yake kwa sababu mtihani unayataka, lakini kadi tano kati ya zile kumi za kila siku ziwe za wodini.

Ukiwa kazini jisemee kimoyomoyo unachofanya. Nanawa mikono: Ich wasche mir die Hände. Navaa glavu: Ich ziehe Handschuhe an. Hapo umeona kitenzi chao kilivyokatika? Anziehen, kuvaa, kimeingia kwenye sentensi kikaacha kipande chake mwishoni, kama mtu aliyevua kandambili mlangoni. Kila ukisema "ziehe" ujue kuna kandambili inakungoja mwisho wa sentensi. Ukijisemea wakati mikono inafanya kazi yenyewe, kipande hicho kinazoea kuja bila kuitwa. Mezani utakisahau kila mara.

Na uone neno Handschuhe lenyewe: viatu vya mikono. Krankenhaus, nyumba ya wagonjwa. Krankenwagen ni gari la wagonjwa, kama tunavyosema sisi, ila wao wanatanguliza mgonjwa halafu gari. Maneno yao marefu yanatisha kwenye karatasi, lakini ukiyasoma kutoka nyuma kuja mbele ni Kiswahili kitupu: Kinderarzt, daktari wa watoto.

Tumefika kwenye der, die, das. Kila mwanafunzi analalamika hapa, na ninyi mnaozungumza Kiswahili ndio mnaonishangaza kuliko wote. Mtu anasema "kitabu kizuri kimepotea, vitabu vizuri vimepotea, mti mzuri umeanguka, miti mizuri imeanguka" bila kupumzika, kisha anakuja kuniambia makundi matatu ya nomino ni mengi! Wewe umekulia kwenye ngeli. Hukuwahi kukariri kwamba kiti ni KI-VI. Ulisikia "kiti hiki kimevunjika" mara elfu, upatanisho ukakuingia pamoja na neno. Fanya hivyo hivyo. Nomino ya Kijerumani isitamkwe peke yake kinywani mwako. Ni die Spritze, sindano. Das Fieber, homa. Der Verband, bandeji. Usitafute mantiki ya uanaume au uanamke kwenye sindano, kama ambavyo hutafuti kwa nini mto ni U-I na ziwa ni LI-YA.

Tena kama ngeli zetu, neno lenyewe mara nyingi linajitaja. Kwetu tunaangalia mwanzo, wao waangalie mwisho. Ukiona -ung, -heit, -keit, -schaft au -ion, karibu kila mara ni die: die Impfung, chanjo, die Krankheit, ugonjwa, die Gesundheit, afya, die Infektion. Ukiona -chen ya udogo ni das. Watu hucheka kwamba msichana, Mädchen, hana jinsia ya kike kwa Kijerumani. Wewe usicheke. Udogo unavuta kitu kwenye ngeli yake. Sisi tukisema "kitoto kimelala" tumemtoa mtoto kwenye A-WA tukamtia kwenye KI-VI kwa sababu ya udogo huo huo. Mädchen ni "kitoto kimelala" ya Kijerumani. Na kwenye yale maneno marefu, neno la mwisho ndilo bwana: der Wagen, kwa hiyo der Krankenwagen, das Haus, kwa hiyo das Krankenhaus. Kuhusu der kugeuka den, mwalimu wako atakufikisha huko. Kwa sasa jua tu kwamba katika ile hali ya mtendwa, die na das zinakaa zilivyo, der peke yake ndiyo inayobadilika. Wengi hawaambiwi hivyo mapema, wakadhani kila kitu kimevurugika.

Kiingereza chako kitakusaidia sana, kwa sababu ni ndugu wa Kijerumani: Hand, Finger, Arm, Blut, utayatambua mwenyewe. Lakini ndugu naye hukuchoma. Neno Gift, ambalo Kiingereza ni zawadi, Kijerumani ni sumu. Na Rezept siyo risiti ya dukani, ni cheti cha dawa anachoandika daktari. Hilo hilo pia ni maelekezo ya kupika. Mtego mwingine ni saa. Niliambiwa nifike ofisi fulani halb acht. Halb ni nusu, acht ni nane, nikafika saa mbili na nusu asubuhi, yaani nane na nusu yao, nimechana nywele, nimenyoosha shati. Nimechelewa saa nzima. Halb acht ni nusu ya kuelekea nane, saa moja na nusu kwa hesabu yetu. Wewe utakuwa na mzigo mara mbili, maana utatoa sita kwanza ili upate saa ya Kiswahili, halafu urudi nyuma nusu. Tengeneza kadi kumi za saa peke yake. Zamu haimsubiri mtu anayefanya hesabu.

Matamshi. Habari njema ni kwamba Kijerumani, tofauti na Kiingereza, kinasomeka karibu kama kilivyoandikwa ukishajua kanuni chache: w inasomwa v, v mara nyingi f, z ni ts, ei ni "ai", ie ni "ii" ndefu. Tatizo letu liko penye konsonanti zilizosongamana. Kinywa cha Kiswahili kinapenda silabi iishie na irabu, ndiyo maana tuna kilabu na buluu. Wazee wetu walipoletewa sarafu ya Heller mwaka 1904, wakati wa utawala wa Wajerumani, wakaikata mkia ikawa hela, na bado tunaitafuta mpaka leo. Kwenye mkopo wa maneno hiyo ni haki yetu kabisa. Darasani inakuponza. Arzt, daktari, ni silabi moja. Wanafunzi wangu wengi wanalisema "a-ri-ti-si". Dawa yake ni makofi. Piga kofi moja tu, neno lote liishe ndani ya kofi hilo. Herbst, kofi moja. Jirekodi kwa simu, sikiliza, hesabu. Utashtuka siku ya kwanza.

Sauti mbili tatu za kufanyia kazi zaidi. Kwa ü, tamka "i" huku midomo umeiweka ya "u". Si urembo: Fuß ni mguu, Füße ni miguu, ukizembea midomo daktari hajui unazungumzia upande mmoja au miwili. Kwa ö, tamka "e" na midomo ya "o". Ch baada ya a, o na u ni kh ya wazee wa pwani wakisema "kheri". Ch ya ich ni nyingine: nong'ona "hi" kwa nguvu, kama unapuliza kidonda, basi umefika. Zaidi ya hapo usijitese. Lafudhi ya Morogoro haijamuua mgonjwa.

Kwa masikio, Deutsche Welle, hao hao wanaotangaza kwa Kiswahili tangu 1963, wanazo pia habari za Kijerumani zinazosomwa taratibu, na maandishi yake unayapata bure. Sikiliza kwanza taarifa ya habari ya Kiswahili. Halafu fungua ile ya taratibu. Mambo yaliyotokea duniani siku hiyo unayajua tayari, kwa hiyo sikio halihangaiki na habari, linawinda maneno. Kwa kiwango chako cha sasa utaokota majina ya nchi na tarakimu tu. Inatosha. Mwezi ujao utaokota vitenzi. Ukifika B1 rudia kwa njia nyingine: soma pamoja na msomaji, sauti yako juu ya yake, nusu hatua nyuma, hata kama unababaika. Nami nakuonya mapema kwamba hospitalini wazee hawazungumzi kama redio. Kaskazini watakusalimu Moin mchana kutwa, Bavaria ni Grüß Gott, na lafudhi za vijijini zinawapa shida hata Wajerumani wenyewe. Kusema Wie bitte?, samahani umesemaje?, si aibu, iandike kwenye kadi ya kwanza kabisa.

Na aibu ndiyo iliyobaki, maana naisoma kwenye barua yako ingawa hukuitaja. Wodini wewe ni sista mkubwa, vijana wanakuita wakishindwa kupata mshipa. Darasani unakuwa mtu asiyeweza kuomba maji ya kunywa. Kwa hiyo unangoja mpaka sentensi ikamilike kichwani, iwe na der yake sahihi, kitenzi kikae mahali pake, na ikikamilika mazungumzo yameshahamia kwingine. Hapo ndipo unapotoa macho. Sisi tumelelewa kumcheka mwenzetu anayekosea Kiingereza, hilo tulikiri. Lakini angalia tunavyompokea mgeni anayesema "mimi nataka enda soko". Tunapiga makofi! Tunasema anajua Kiswahili huyu! Mgonjwa wa Kijerumani wa miaka themanini, aliyelala peke yake tangu asubuhi, atakupokea hivyo hivyo ukimwambia jambo la kueleweka kwa der iliyopotea njia. Jizoeze kabla hujafika kwake. Tafuta mwenzako mmoja darasani, mmoja tu, mkubaliane kila jioni kutumiana sauti ya dakika moja kwenye WhatsApp, Kijerumani kitupu, hakuna kufuta na kurekodi upya. Ukikwama sema neno la Kiswahili katikati uendelee. Baada ya wiki sita sikiliza ile ya kwanza.

Kuna kitu kimoja hutakipata, nikuambie usije ukakitafuta: "pole". Hawana. Mtu akiondoka anaumwa unamwambia Gute Besserung. Akikupa habari mbaya ni Das tut mir leid. Akijikwaa, akibeba mzigo, akitoka kazini amechoka, hakuna neno. Mwaka wa kwanza mdomo wangu ulikuwa unafunguka wenyewe kisha unafungwa.

Mtihani usiuogope mapema. Ule wa Goethe wa B1, na wa B2 pia, una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 100, na ya kufaulu ni 60. Ukianguka kuandika peke yake, unarudia kuandika peke yake. Kwa hiyo huhitaji kuwa hodari kila mahali siku moja, na kwa mtu wa zamu hilo ni nafuu kubwa ya kupanga. Waganga na wauguzi niliowafundisha huangukia zaidi kuandika, kwa kuwa wameacha kuandika barua tangu sekondari. Andika mistari mitano kwa siku ya nini kilitokea kwenye zamu, bila majina ya wagonjwa, mwalimu asahihishe mara moja kwa wiki.

Sasa huyo wa darasa la tano. Mkabidhi boksi la viatu. Yeye ndiye ashike kadi, asome upande wa Kiswahili, wewe ujibu, na yeye ndiye aamue kadi inasogea au inarudi sehemu ya kwanza. Watoto ni wakali kwenye kusahihisha, hana huruma ya mwalimu anayelipwa. Usikilizaji wake mzuri utakufaa kwenye ile ü. Na akikucheka, mpe kadi yenye jina la kazi unayoiendea huko, kama linavyoandikwa kwenye vyeti tangu 2020, aisome mara tatu mfululizo bila kuongeza irabu hata moja: Pflegefachfrau.